Maswali ya Wasomaji: Afisa Michezo wa Halmashauri Ana Kazi Gani Siku Isiyo na Mashindano?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu ajira katika vitengo vya utamaduni, sanaa na michezo vya halmashauri, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Tumechagua chache zinazogusa kazi yenyewe. Anayejibu ni mtumishi mstaafu wa serikali za mitaa aliyeanza akiwa afisa michezo wa wilaya na kustaafu akiwa mkuu wa kitengo.

SWALI: Shikamoo mzee. Nimehitimu shahada ya ualimu katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa sasa nasubiri ajira nikiwa nyumbani. Rafiki zangu wananiambia kwamba afisa michezo wa halmashauri ni mtu wa kubeba mipira na filimbi wakati wa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, kisha hukaa ofisini mwaka mzima akisoma magazeti. Je, ni kweli? Na njia ya kuingia kazini ni ipi? (Msomaji, Singida)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki zako hawajakosea kabisa, kwa sababu maafisa wa namna hiyo wapo, na wengine wamestaafu wakiwa hivyo hivyo bila mtu yeyote kuwauliza. Michezo ya shule za msingi na sekondari inakula muda mwingi, hasa kuelekea katikati ya mwaka. Juu yake kuna SHIMISEMITA, ambayo ni michezo ya watumishi wa serikali za mitaa wenyewe, kuna mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, kuna Nane Nane, na kila kiongozi wa kitaifa anapokaribia wilayani simu ya kwanza humwendea afisa utamaduni kuulizwa vikundi vya ngoma viko wapi na vitafikaje uwanjani. Hayo yote ni lazima yafanyike, lakini ni kalenda iliyopangwa na watu wengine.

Kazi yenyewe inaanzia pale kalenda hiyo inapoishia. Wilaya ina mama anayefunga genge lake saa kumi na moja jioni, ina mzee aliyestaafu reli ambaye siku yake haina ratiba, ina mtoto ambaye hakuchaguliwa katika timu ya shule na hatachaguliwa kamwe. Hao ndio wengi. Afisa anatakiwa kuhakikisha kwamba kila mmoja wao ana mahali, ana muda, na ana sababu ya kutoka nyumbani kwenda kucheza, kupumzika au kukaa na wenzake katika wiki ya kawaida. Mimi humpima afisa kwa Jumanne jioni, si kwa siku ya fainali, kwa maana siku ya fainali hata asiyejua kazi anaonekana anafanya kazi: jukwaa limepambwa, mgeni rasmi amefika, spika zinalia.

Kwa miaka mingi watumishi hawa walikuwa chini ya idara nyingine, mara nyingi elimu au maendeleo ya jamii, na maombi yao yalifika kwa mkurugenzi yakiwa yamepunguzwa na mkuu wa idara mwenye matatizo yake ya madawati na vyoo. Katika muundo wa sasa wa halmashauri kipo Kitengo cha Utamaduni, Sanaa na Michezo, na mkuu wake anawajibika moja kwa moja kwa mkurugenzi na kukaa katika timu ya menejimenti. Hilo limebadilisha kazi kuliko semina zote tulizowahi kuitiwa. Anayekaa katika kile chumba anasikia fedha zinavyogawanywa, na anaweza kuuliza.

Kuhusu kuingia: nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia mfumo wake wa Ajira Portal, na mwombaji hupitia usaili wa mchujo kwanza, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Mara nyingi matangazo hutaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Hakikisha jina lako linasomeka sawasawa katika cheti cha kuzaliwa na katika vyeti vyote vya shule, kwa kuwa nimeona vijana wazuri wakiachwa kwa sababu ya herufi moja. Shahada uliyo nayo ni mojawapo ya zinazokubalika. Wengine huingia kwa stashahada ya Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichoko Kwimba, na upande wa utamaduni na sanaa wengi hutokea chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo.

Ila usiongeze cheti kingine cha ukocha. Ukipata fursa ya kozi fupi wakati unasubiri, tafuta ya mipango na fedha za serikali za mitaa. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo kipo kwa ajili hiyo. Kocha utampata kila mtaa, tena wa kujitolea. Mtu wa kitengo hiki anayeweza kuandika andiko la mradi likapita mbele ya mweka hazina bila kurudishwa ni nadra, na huyo ndiye halmashauri inayemhitaji.

SWALI: Nina miezi michache kazini katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Kitengo changu kina meza, kiti na kabati lenye mipira minne iliyopasuka. Nilipoomba fedha za kukarabati viwanja viwili niliambiwa kwamba hakuna kifungu cha bajeti. Nilipouliza lini kitakuwepo, watu walicheka. Nifanyeje? (Afisa mpya)

JIBU: Jibu ulilopewa ni la kweli kiutaratibu, hata kama lilitolewa kwa dharau. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kila shilingi itakayotumika ndani yake imekwisha kukaliwa vikao miezi mingi kabla. Mwongozo wa bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka wa kalenda, idara na vitengo huandaa makisio, kamati za kudumu huyapitia, baraza la madiwani huyapitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na kuanzia Aprili mambo yote yako Bungeni. Anayeomba fedha Septemba anaomba kitu ambacho kilishagawanywa Februari. Atakachopata, akipata, ni fedha iliyohamishwa kutoka fungu la mwenzake, na mwenzake huyo hatamsahau.

Kwa hiyo mwaka huu wa kwanza usiuhesabu kuwa wa ukarabati. Uhesabu kuwa wa kutembea. Chukua daftari, nenda kata kwa kata pamoja na watendaji, na uandike kila kiwanja, kila ukumbi na kila eneo la wazi: kiko wapi, kina ukubwa gani kwa hatua au kwa futi kamba, nani anakitumia saa ngapi, na ni nini kimeharibika. Mkurugenzi wa halmashauri nyingi hana orodha hiyo. Ukiiweka mezani kwake ikiwa na picha, umeacha kuwa mtu wa mipira minne.

Nikueleze kiwanja kimoja nilichokiandika kwa namna hiyo, eneo la vumbi nyuma ya soko. Alfajiri klabu mbili za jogging zilikuwa zinakimbia kukizunguka, zikiimba, moja ikiwa ya wanawake peke yao. Saa mbili asubuhi shule ya msingi jirani isiyo na uwanja ilileta watoto. Kuanzia saa tano wauza mitumba walitandika maturubai upande wa barabara. Saa kumi timu ya vijana ilianza kuwafukuza, na kila siku pakawa na maneno. Jumapili kulikuwa na mkutano wa injili, na mara mbili kwa mwaka swala ya Idi. Ofisini, kiwanja hicho kilikuwa kimeandikwa "hakitumiki". Nilichora jedwali la saa kwenye ubao wa bati, nikalipigilia kwenye mwembe uliokuwa pembeni baada ya kukaa na makundi yote, na wauza mitumba wakakubali kuondoka saa tisa na nusu kwa sharti kwamba nao watambuliwe. Gharama yake ilikuwa rangi na bati. Nilipoomba fedha mwaka uliofuata, sikuomba za "kuendeleza michezo". Niliomba za choo na taa mbili kwa ajili ya makundi sita yaliyotajwa kwa majina, na diwani wa kata ile alisimama mwenyewe kunitetea kwa kuwa makundi yale ni wapiga kura wake.

Mapato nayo yana njia zake. Usitoze mtu yeyote ada ya uwanja au ukumbi kwa stakabadhi ya kununua dukani. Halmashauri hutoza kwa mujibu wa sheria ndogo, ambazo hupitishwa na baraza, huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, na malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali. Angalia kama sheria ndogo za ada na ushuru za halmashauri yako zimetaja viwanja na kumbi. Mara nyingi zimetaja machinjio na stendi peke yake. Ikiwa hazikutaja, zungumza na mwanasheria wa halmashauri mapema, kwa sababu marekebisho huchukua muda mrefu. Pendekezo langu ni kwamba wanaotoza kiingilio, wanaofanya harusi na wanaopiga muziki walipie, na watoto, shule na vikundi vya mazoezi wasilipie chochote.

Mlango mwingine ni kwa mganga mkuu wa wilaya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki na mtoto dakika 60 kila siku, na idara ya afya ina kazi ya kupambana na kisukari na shinikizo la damu lakini haina kiwanja. Wewe una kiwanja. Kaeni meza moja wakati wa kuandaa bajeti na si wakati wa kutekeleza.

Juu ya wafadhili nitasema kidogo. Jezi za kampuni za kubashiri matokeo usizivalishe watoto, hata zikiwa za bure na nzuri namna gani; mchezo huo umekatazwa kwa walio chini ya miaka 18, na mtumishi wa umma hawezi kuwa mlango wake. Na kombe la mheshimiwa fulani likija mwaka wa uchaguzi, mwache aliendeshe yeye na watu wake, wewe utunze uwanja.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa. Katika mtaa wetu kuna eneo la wazi ambalo tumecheza tangu utoto. Sasa tumesikia kwamba patajengwa fremu za maduka, na kwamba afisa michezo hana la kusema kwa kuwa hayo ni mambo ya ardhi. Ni kweli hana? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Anayo ya kusema, na kama hakuyasema, basi hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ambayo mtu wa nafasi ile anaweza kulifanya. Mpira uliopasuka hununuliwa mwingine. Taa zilizoungua hubadilishwa. Eneo la wazi likishamwagiwa zege halirudi, na mji unaozidi kujaa watu hautapata jingine mahali pale kwa bei yoyote.

Anza na karatasi. Uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri mambo mawili: mchoro wa mipangomiji unaolihusu eneo hilo, na ramani ya upimaji. Mchoro unaonyesha matumizi yaliyopangwa, na mara nyingi eneo la namna hiyo limepakwa rangi yake na kuandikwa kuwa ni eneo la wazi au la michezo. Ramani ya upimaji inaonyesha mipaka na namba ya kiwanja. Kisha nendeni mkatafute alama za mipaka ardhini, maana mara nyingi uvamizi hauanzi kwa jengo; unaanza kwa alama iliyong'olewa usiku, ukafuatiwa na banda la mbao, likafuatiwa na ukuta.

Chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake, lakini hilo halina maana kwamba kamati moja inaweza kukaa alasiri na kugeuza uwanja kuwa maduka. Kubadilisha matumizi ya ardhi kuna maombi, kuna tangazo, kuna nafasi ya wananchi kuweka pingamizi, na kuna idhini za ngazi iliyo juu ya halmashauri. Kwa hiyo swali lenu kwa mtendaji wa kata lisiwe "kwa nini mnatunyang'anya uwanja", kwa kuwa swali hilo litajibiwa kwa hotuba ya maendeleo. Liwe hivi: maombi ya kubadilisha matumizi yalitangazwa lini na wapi, na muhtasari wa kikao kilichoyajadili uko wapi? Andikeni kwa barua, nakala kwa mkurugenzi, kwa afisa mipangomiji na kwa mkuu wa kitengo cha michezo. Barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ina nguvu ambayo kelele za mkutano wa hadhara hazina.

Sasa nigeukie upande wa afisa mwenyewe, kwa kuwa wasomaji wengi wa safu hii ni vijana wanaotaka kazi hiyo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba maeneo yote ya michezo ya halmashauri yamepimwa na yana hati kwa jina la halmashauri, na kwamba nakala za hati hizo ziko katika jalada lake na si katika kumbukumbu za mzee fulani aliyestaafu. Maeneo yasiyo na hati hutetewa kwa maneno, na maneno hushindwa na mwekezaji mwenye karatasi. Historia yetu inafundisha jambo hilo kwa upande mwingine pia. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na katika miongo ile ya chama kimoja viwanja vikubwa vingi vilijengwa kwa nguvu za wananchi chini ya usimamizi wa chama. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, umiliki ulibaki ulipokuwa: Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Mkwakwani wa Tanga na vingine vingi ni mali ya CCM hadi leo, na halmashauri za miji hiyo hukodi kama mtu mwingine yeyote. Sisemi hivyo kwa ugomvi wa kisiasa. Nasema kwamba jina lililoandikwa kwenye hati ndilo lililoamua, na michango ya wananchi haikuandikwa popote.

Baada ya karatasi na hati, linalofuata ni matumizi. Eneo tupu linalovutia wajenzi ni lile linaloonekana halina mtu. Mnazi Mmoja, katikati ya Dar es Salaam, umezungukwa na ardhi yenye thamani kubwa tangu enzi za ukoloni, na bado upo wazi. Kila kundi la mji lina siku yake pale: swala za Idi, mikutano, mazoezi ya jioni, wapita njia wanaopumzika kwenye kivuli. Jirani yake upo ukumbi wa Arnautoglo, uliojengwa wakati wa Mwingereza kuwa kituo cha ustawi wa jamii, na humo ndimo chama cha Tanganyika African Association (TAA) kilimchagua Julius Nyerere kuwa rais wake Aprili 1953. Hatua chache kutoka hapo, Kidongo Chekundu, tangu mwaka 2015 kuna kituo cha michezo cha vijana kinachoitwa kwa jina la Rais mstaafu Kikwete. Maeneo hayo yamesalia kwa kuwa na wenyewe wengi.

Basi msingoje uamuzi wa ofisi ndipo mlitumie eneo lenu. Hata kama ni dogo mno kwa mpira wa miguu, litatosha kwa mchezo mwingine. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, na ukiacha nafasi ya mita tatu na kidogo kila upande unahitaji kama mita 37 kwa 22. Cha voliboli ni mita 18 kwa 9 pamoja na mita tatu za pembezoni. Vyote viwili vinaweza kuchorwa juu ya ardhi ileile, kimoja kwa chokaa nyeupe na kingine kwa rangi. Mkiweka magoli ya chuma, yazikwe au yafungwe ardhini kwa zege; goli lisilofungwa humwangukia mtoto anayening'inia, na ajali hiyo imeua watoto katika nchi nyingi. Mkipanga upya mwelekeo, magoli yatazame kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpige kipa usoni. Kisha andikisheni vikundi vinavyolitumia, na ratiba yake mkaipeleke katika kamati ya maendeleo ya kata iingie kwenye muhtasari. Siku mwenye fremu atakapofika na mchoro wake, atakuta kuna ratiba, kuna vikundi vyenye majina, na kuna barua mezani.

SWALI: Mimi ni afisa michezo mwanamke. Kila nikiandaa programu ya jioni, wanakuja wavulana peke yao. Mkuu wangu anasema wasichana hawapendi michezo. (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Dada yangu, wasichana hao hao walicheza rede na kuruka kamba barabarani mpaka walipofika miaka kumi na mbili au kumi na mitatu, kwa hiyo mapenzi yalikuwepo. Kaa pale uwanjani jioni moja bila kufanya chochote, uangalie. Saa kumi kamili wanakuwa bado wanaosha vyombo na kuchota maji. Saa kumi na moja na nusu wanaanza kutokea, wawili wawili, na wanakuta eneo lote limeshakaliwa na wavulana. Saa kumi na mbili giza linaingia, mama anaita, wanarudi. Hakuna choo, kwa hiyo wenye siku zao hawakuja kabisa. Kwa jumla mlikuwa mmewapa nusu saa.

Tenga siku mbili kwa wiki ambazo eneo ni lao peke yao, na mwanzo uwe saa za asubuhi za Jumamosi. Choo kiwe cha kwanza katika makisio yako, kabla ya jezi. Kwa Mtwara na maeneo mengine ya pwani, wazazi wengi watauliza kuhusu mavazi, nawe usilipuuze swali hilo. Mruhusu kila mmoja acheze na vazi linalomtosheleza nyumbani kwao, na umtafute mama mmoja anayeheshimika mtaani akae nao. Nimeona idadi ikibadilika ndani ya msimu mmoja kwa sababu ya huyo mama tu.

Wazee na watu wenye ulemavu nao husahaulika kwa namna hiyohiyo. Mabenchi mawili ya zege kivulini, bao moja na meza ya drafti vitawaleta wazee kila siku, na wazee wakiwepo, uwanja una walinzi wasiolipwa. Njia ya kiti cha magurudumu ni mteremko wa zege wa fundi mmoja kwa siku moja. Ukishindwa kuupatia fedha, peleka hoja hiyo kwa afisa ustawi wa jamii.

SWALI: Halmashauri yetu inataka kuanzisha timu ya mpira ipande hadi ligi kuu, na kitengo chetu kimeambiwa kiisimamie. Je, si heshima kubwa kwetu? (Msomaji, Nyanda za Juu Kusini)

JIBU: Ni heshima, na ni gharama. Kinondoni wana KMC, Mbeya wana Mbeya City, Dodoma wana Dodoma Jiji, na sipingi furaha ambayo timu hizo zimewapa wenyeji wao. Lakini timu ya ligi ina mishahara kila mwezi, safari kila wiki na mechi ambazo haziahirishwi kwa kuwa mapato ya ndani yamepungua, ilhali kiwanja cha kata hakina anayekidai. Fedha zikiwa chache, unajua kipi kitasubiri. Kama uamuzi umeshafanyika, simamia jambo moja: timu iwe na akaunti, bodi na kifungu chake, mbali kabisa na fedha za michezo ya jamii. Wakikataa kutenganisha, omba maelekezo hayo kwa maandishi.

SWALI: Nimeajiriwa hivi karibuni na serikali ya kaunti, huku Pwani ya Kenya, katika idara ya vijana na michezo. Nimekabidhiwa kumbi za kijamii na pia sehemu ya ufuo wa umma. Nilisomea usimamizi wa burudani na michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta, lakini huko hatukufundishwa habari za ufuo. Nianzie wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wewe una bahati ambayo wenzako wa upande huu wa mpaka hawana, kwa kuwa wajibu wako umeandikwa katika Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 linazipa kaunti shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni, na pia bustani, fuo na sehemu za burudani. Mtu akikuambia ufuo si kazi ya idara yako, msomee.

Kwa kumbi, fanya kama nilivyomshauri yule wa Kanda ya Ziwa: orodha, saa za matumizi, kisha ada kwa mujibu wa sheria ya fedha ya kaunti. Nimewahi kuona ukumbi wa jamii ambao ufunguo wake ulikuwa kwa mtu mmoja, na ndani mlikuwa na viti vilivyovunjika na mabango ya kampeni. Ufunguo ndio wa kwanza kuutafuta.

Ufuo ni jambo zito zaidi kwa sababu unaua. Mahali kama ufuo wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi, siku ya sikukuu umati unaoingia majini ni wa watu wa bara ambao wengi hawajui kuogelea wala hawajui maji. Wazee wa pwani wanaijua hesabu yake vizuri: wakati wa bamvu, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa mbali na kujaa kwa kasi, na aliyetembea hadi kwenye miamba akiokota kombe hukuta njia ya kurudi imefunikwa. Wakati wa maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo, hatari hiyo hupungua. Kwa hiyo ratiba ya waokoaji isifuate saa za ofisi. Chukua jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi mzima, liweke juu ya kalenda ya sikukuu na likizo za shule, na pale vinapokutana ongeza watu. Siku za upepo wa kusi bahari inapochafuka, weka bendera na uwe na mtu wa kuelezea maana yake kwa sauti, kwani bendera peke yake haimwambii kitu mgeni. Wavuvi na vijana wa maboya ya kukodisha wanaokaa pale kila siku uwape mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Wao ndio watakaofika wa kwanza.

Fedha ya hayo yote uiombe kwa wakati. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufikishwe katika bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba, na makisio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Wengi hujitokeza Aprili, wakati wa vikao vya ushirikishaji wa umma, na hukuta mradi wao haumo katika mpango. Andiko lako la waokoaji liwe mezani kwa afisa mkuu wa idara kufikia Julai.